Stima Ilipotea Asubuhi ya Kukuzika

Dada Mutheu,

Ni mimi kaka yako, yule uliyesema nilizaliwa na redio tumboni. Unakumbuka nilivyowaambia watu pale soko la nyama la Burma kwamba nilishika waya wa stima kwa mkono mmoja na mbavu za mbuzi kwa mkono mwingine, mbavu zikaiva? Wote walipiga makofi. Wewe peke yako uliuliza, "Na wewe hukuiva?" Tangu uondoke hakuna anayeniuliza. Wananiangalia tu.

Acha nikueleze ya siku ya kukuzika.

Unaijua stima ya hapa Makadara. Inapotea ukiwa katikati ya kupiga pasi, unabonyeza swichi, unabonyeza tena, halafu unatoka hujui umeiwasha ama umeizima. Ndiyo maana ulianza kubeba pasi kwenye kiondo mpaka kanisani, umeifunga na leso. Na mimi, mdomo huu, kwenye ile harusi ya Pumwani nikasimama nikasema, "Dadangu ameleta pasi, bwana harusi avue suruali!" Watu walicheka mpaka machozi. Wewe pia ulicheka. Lakini ulivuta kiondo karibu na miguu yako. Hiyo ndiyo naiona nikifumba macho.

Basi, asubuhi ile akina mama walikuwa wanachemshia waombolezaji chai kwa koili yako, kale kajiko ka stima. Stima ikapotea. Tukafunga mlango haraka, tukakuchukua mochari, tukashika njia ya Machakos.

Pasta alipoanza kuomba kaburini, ndipo ikanijia: nani alizima koili? Stima ikirudi, nyumba ya watoto wako inaungua, na hawana nyingine. Mutheu, pasta alisema mazuri juu yako, sikusikia hata neno. Nilikuwa naomba, ndiyo, lakini naiombea koili. Nikakurushia udongo bila kukuaga. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nikamnong'onezea Mwende, kifungua mimba wako, "Koili!" Hakushtuka. Alifunua kiondo chako, kilikuwa pale miguuni pake. Koili ilikuwa ndani, imefungwa na leso yako.

"Mama angeuliza, mjomba," akasema.

Watu wanasema nililia kama mtoto. Waongo hao. Nililia kama wanaume wanne, nikashikwa na sita na hawakuniweza.

Nisamehe kile kicheko cha Pumwani. Ningejua, ningekibeba mimi hicho kiondo, angalau Jumapili moja. Sasa nawapeleka watoto kanisani, na kiondo kiko begani mwangu, wazi wazi. Anayetaka kucheka acheke. Nitakibeba hivyo mpaka miguu ikatae.

Lala sasa, dadangu. Usirudi kuangalia. Koili nimeigusa kwa mkono wangu mwenyewe, ni baridi.

Ni mimi, redio yako.