Mwani Uliobaki Kijani

Jumamosi, mwezi wa nne, 1975. Kampala.

Mvua imenyesha asubuhi ikakatika. Sasa jua linawaka.

Leo askari wameingia maabara.

Niseme kwanza kazi yetu, maana hata mimi nikiieleza naiona ya ajabu. Mimi mtu wa Mombasa, fundi wa maabara katika chuo kilicho mbali kabisa na bahari. Niliporudi likizo nilileta mwani wa kijani, ule mwembamba ambao watu wa nchi nyingine hula kama mboga. Bosi wangu, Dokta Mukasa, anataka kujua unakuaje maji ya bahari yakizidi kuwa na asidi. Basi tunakoroga chumvi majini, tunadondosha asidi, kila chupa ikiwa kali kuliko ile iliyotangulia. Maji yakiwa makali kidogo, mwani unastawi bila shida. Yakizidi, unapauka na kuchanika ukiugusa.

Chupa ya mwisho haimo katika jaribio. Mwani wake ulikufa zamani. Dokta aliuhifadhi kwa fomalini na mrututu, ile chumvi ya shaba, na huo mrututu ndio unaoufanya uwe kijani kuliko ulio hai. Ni sumu tupu.

Mtu alikuwa amepeleka maneno kwamba tunapika asidi ya kuwamwagia wakubwa. Sajini akaja moja kwa moja kwenye chupa.

"Hii sumu nyinyi natengeneza ya nani?"

"Si sumu, afande. Ni mboga ya baharini. Humu hakuna sumu hata tone."

"Kama ni mboga, mama, wewe kula."

Nikatia mkono katika chupa kali kuliko zote zenye mwani hai. Nilijua ukali wake haufikii ndimu. Nilitafuna ile chumvi na utelezi huku nikijilazimisha kutabasamu. Nilijichukia kwa tabasamu lile.

Sajini akacheka, na wenzake wakacheka. Nikadhani yamekwisha.

Kisha akabeba chupa ya mwisho. Aliichagua kwa rangi yake, kama mtu anavyochagua mchicha sokoni.

"Hii mimi napeleka kwa mama watoto, kota ya Nakawa. Leo jioni yeye napika. Watoto yangu napenda mboga sana."

Nikamwacha aende nayo.

Ningesema nini? Nilikuwa nimekwisha kuapa kwamba hakuna sumu hata tone. Kufungua mdomo pale kungekuwa kukiri, na wanaopakiwa kwenye magari yao hatuwaoni tena.

Walipoondoka, Dokta aliketi sakafuni, mtu mzima yule, akashika kichwa. "Nnyabo, mama, nyamaza hivyo hivyo," akaniambia. "Halufu itawazuia." Kisha akachukua koti lake, akaenda zake.

Labda ni kweli, harufu ya fomalini itawazuia. Lakini mwanamke aliyeletewa mboga na mumewe ataisuuza, ataisuuza tena, ataitia kitunguu na karanga. Nami ningefanya hivyo hivyo.

Sijui hata wako wangapi, hao watoto.

Nimejaza mwani hai ndani ya chupa nyingine. Nitafika kota za askari, nitaulizia nyumba ya sajini, nitamwambia mama yao kwamba ule wa kwanza umelala, nimewaletea ulio mbichi. Huo ndio uongo pekee nilioupata. Naogopa kizuizi cha barabarani, naogopa lafudhi yangu ya Mombasa. Zaidi ya yote namwogopa yule sajini, kama atakuwa amekaa mlangoni. Ataniuliza ule wa kwanza una kasoro gani. Ataifungua chupa ile, ataniambia nile.

Nitakataa. Na nikikataa, atakuwa amejua kwamba ni sumu.

Lakini watoto hawatakula.

Sitaandika habari ya kesho, sijui kama ninayo. Ninachojua ni kwamba jioni inaingia, na kule Nakawa wanawasha majiko. Natoka sasa hivi.