Baba Neema, ulipima njia saa ya salongo

Baba Neema,

Usifikiri nakukosa. Nakuandikia hapa mbele ya watu kwa sababu simu yangu hauitike.

Unakumbuka ile asubuhi kwenye njia panda ya soko? Neema alikuwa hajatembea bado. Ulikuja na kompyuta ya kazi, na programu yenye kuonyesha njia nzima kama mchezo: pikipiki vidoti vyekundu, magari vidoti vya bluu. Wakubwa wa kazi yako walikutuma upime kama inaweza kusaidia muji wetu. Nilijisikia fahari, sidanganye. Nilikaa juu ya jiwe, mutoto mugongoni, daftari mapajani, nachora kamustari kila pikipiki inapopita, weye uingize hesabu kwenye mashine. Mama Furaha, muuza majani ya sombe, akapita na fagio yake: "Mama Neema, huyu bwana ataoa kompyuta lini, tukuje kucheza?" Ukacheka. Kile kicheko nilikipenda.

Lakini ilikuwa Jumamosi, saa ya salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha muji. Weye ni mutoto wa Bunia, hakuna wa kukufundisha: mpaka salongo iishe, maduka yamefungwa, kila mutu iko na jembe ao fagio, na motari anaficha pikipiki yake asikamatwe. Nilikuambia, "Baba Neema, leo njia imelala. Turudi Jumatatu." Ukajibu bila kunitazama: "Rapoti inangojewa. Mashine itajazia yenyewe."

Nikakuuliza: na wamama wa kutembea kwa miguu, beseni kichwani, iko wapi humu ndani?

"Watu wa miguu si lazima kwa hili jaribio."

Ulisema vile, na mutoto wako analala hapo mugongoni mwangu.

Rapoti yako ikasifu programu. Ikasema pale njia inapita muzuri, na kile kilima cha udongo, kile siye wamama tulipandisha kwa majembe pale pale njia panda, mbele ya masomo ya watoto, ili pikipiki zipunguze mbio, kinachelewesha magari bure. Watu wa muji wakakisawazisha. Weye ukapata kazi Kinshasa, ukapanda ndege na masanduku mawili, na hata kumubusu mutoto ulimubusu kwa haraka.

Mwezi uliopita, pale pale, pikipiki ilimugonga Neema. Muguu umevunjika, plasta mpaka kwenye paja. Iko na miaka tano na namubeba tena mugongoni, kwenda na kurudi, na nimechoka, Baba Neema, nimechoka mpaka kwenye mifupa. Aliniuliza, "Mama, ni papa yangu alitoa kilima?" Nilisema ndiyo. Ungetaka nimwambie nini?

Nilienda kwenye ofisi ya muji. Muzee wa pale akafungua rapoti yako kwenye mashine yake. "Mama, hii imepimwa na kompyuta. Weye umepima na nini?" Nikarudi nyumbani na haya, kama mwizi.

Halafu nikakumbuka daftari. Katika haraka yako uliliacha. Vimistari vyangu vinahesabika kwa vidole, na juu yake mwandiko wako mwenyewe: Jumamosi, saa mbili mpaka saa tatu. Mashine sina ugomvi nayo. Ilikula kile ulichoipa. Ungeipa Jumatatu, na ungeipa watu wa miguu, ingekuambia kweli.

Kesho napeleka lile daftari kwenye ile ofisi. Sikuombe urudi, na pesa yako ukae nayo. Nataka mistari miwili tu kutoka kwako, na jina lako chini: kwamba hesabu ilifanywa saa ya salongo, na ulijua. Usipoandika, nitasema bila weye.

Tena jana, saa ya salongo, tulirudisha kilima. Mama Furaha alileta majembe. Neema alikaa juu ya lile jiwe, muguu mweupe umenyooshwa, anatuamuru: "Ongeza! Ongeza tena!" Ni kirefu kuliko cha zamani. Siku utapita hapa, hata ukiwa kwenye gari ya wakubwa, utapunguza mwendo.

Mimi,
mama wa mutoto ambaye haukumuhesabu