Kifaransa cha Nyuma ya Pazia

Karama, Dubai
Jumatano

Mdogo wangu mpendwa Cyrus,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini u mzima, mkeo ni mzima, na watalii wako wa Naivasha bado wanakuchosha kwa maswali. Mimi mwili haujambo. Joto limeanza na viatu vya kazi vinanichoma, lakini namshukuru Mungu. Barua hii anakuletea Hudson, yule wa Kinangop tuliyekuja naye, anayerudi likizo kesho. Usishangae kwamba sikupiga simu. Kwenye simu mtu husema mtandao ni mbaya akakata, na mtandao wako siku hizi umekuwa mbaya sana.

Nikupe habari za huku. Utakumbuka nilikwambia Kifaransa chote kimenitoka. Miaka kumi na miwili bila kukitumia, mimi niliyekufundisha wewe jikoni, tukimsengenya mama mbele ya macho yake huku akituuliza tunacheka nini! Wewe uliendelea nacho kwa sababu ya watalii, mimi nikabaki na salamu tu. Basi nimekisoma upya, wala si kwa kupenda elimu. Ni kwa sababu ya Masuda.

Masuda unamjua. Ndiye wa Bukavu anayelala kitanda cha juu yangu, tena ndiye aliyeniazima simu nikakupigia mwezi wa pili, yangu ilipoharibika. Chumbani tuko wanawake sita na sote tunaongea Kiswahili, hata Joanita Mganda anajikaza. Cha Masuda ni chepesi kuliko changu. Sasa niambie, mtu kama huyo akipokea simu, akavuta pazia la kitanda na kugeukia Kifaransa, anamficha nani? Nilitega sikio. Sikuambulia kitu ila jina langu, mara mbili, mara tatu.

Siku hizo hizo Raed, msimamizi wetu, alitangaza kwamba hoteli moja ya Bur Dubai inataka mlinzi wa kike ajuaye Kifaransa, akae mapokezi penye kiyoyozi. Mimi nilikwisha kuandika Kifaransa kwenye fomu yangu tangu nilipoajiriwa, uongo mdogo tu. Nikasema basi, Masuda amenigundua na anataka kunichongea aichukue nafasi yangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikatafuta masomo kwenye simu. Ndani ya basi la kampuni, toka Karama hadi maghala ya Al Quoz, nilikuwa natia visikilizio masikioni na kunong'ona vitenzi nikiangalia dirishani. Wenzangu walidhani naomba. Mwanzoni ulimi ulikuwa mzito, kisha maneno yakaanza kurudi yenyewe. Nikaweza kuagiza kahawa, nikaweza kuuliza treni inaondoka saa ngapi.

Na kadiri nilivyosoma, ndivyo Masuda alivyozidi kunitia wasiwasi. Akaanza kunipakulia chakula. Akafua sare yangu bila kuombwa. Akamwomba Raed atupange zamu moja. Akaniuliza kama nalala vizuri, kama nasali, kama nina ndugu yeyote hapa Dubai. Nilimwambia Joanita kwamba mtu hakubembelezi hivyo bure. Joanita akasema hata malaika akinishukia nitamdai kitambulisho. Tulicheka, lakini mimi sikuacha.

Hapa nina aibu kukuandikia. Nilikwenda kwa Raed nikamwambia kwamba Masuda anaongea na simu akiwa langoni. Aliongea kweli, mara moja, kama sisi sote. Raed akampa barua ya onyo na kumfuta kwenye orodha ya Bur Dubai, akasema khalas, hataki maelezo. Jioni ile Masuda alinipakulia wali kama kawaida.

Alhamisi iliyopita nilijilaza chini yake, visikilizio masikioni lakini nimezima sauti. Simu ikaja, pazia likavutwa. Akamwita mtu Cyrus. Nikajiambia kina Cyrus mko wengi duniani. Kisha akasema wiki tatu zimepita tangu mazishi ya mama. Akasema hawezi kuendelea kula nami sahani moja akinificha. Kwamba anaelewa, mtu aliye mbali haambiwi msiba kwa simu, hutafutiwa mtu wa karibu amketishe, naye alikubali kuwa mtu huyo, lakini wewe siku umeiahirisha mara mbili. Mkapatana iwe Jumapili hii, baada ya ibada, yeye na Joanita na mchungaji.

Kwa hiyo simu ya mama haikuanguka majini, kama ulivyoniambia kila nilipomuulizia. Hakuwa amelala, wala hakuwa kwa shangazi Wangari kwenye maombi. Nilimshuku kila mtu, Cyrus, isipokuwa wewe.

Siku sita sasa nimepanda basi na kusimama langoni nikijifanya sijui. Nalia bafuni nikiwa nimefungulia maji. Nilikukasirikia sana, lakini sikuchukii. Hukutaka nilie peke yangu, na mtu uliyemchagua ni mwema kuliko mimi. Kesho asubuhi nakwenda kwa Raed kusema ukweli, na hoteli yao wampe Masuda. Kisha nitamwomba msamaha, ingawa sijui nitaanzia wapi.

Nisalimie mkeo, na shangazi Wangari, na majirani wote waliolala pale nyumbani wakati wa matanga. Waambie nashukuru.

Jambo moja limebaki. Kabla ya kukata simu, Masuda alikusomea namna atakavyonieleza: jinsi mama alivyougua, na aliyosema mwishoni. Hapo Kifaransa changu kiliishia. Alisoma mbiombio, na masomo yangu ni ya kahawa na treni, si ya ugonjwa. Nilielewa tu kwamba mama alinitaja, na yaliyofuata yakanipita. Hudson atakufikia Ijumaa. Nipigie Jumamosi, kabla hawajaniketisha, uniambie alisema nini aliponitaja.

Ni mimi dada yako,
Teresiah