Shajara ya Mchimbaji wa Makaburi

Kaka Mutua,

Nakusalimu kutoka Minto, huku Sydney, mgongo ukiniuma baada ya zamu mbili mfululizo. Mvua haijakatika tangu juzi. Kwa ajili ya korona wageni hawaruhusiwi kwenye makao haya ya wazee ninakofanya kazi, basi mimi ndiye ninayemsomea Bibi Edith, wa miaka tisini na sita, shajara ya babu yake. Alikuwa bwana Mwingereza mwenye mali, karne ya kumi na tisa, akaacha familia kwenda Misri kuchimba makaburi ya kale. Jana tulifika siku aliyopata barua kwamba mama yake alishazikwa miezi mitatu nyuma. Ameandika tu, "Leo sikuchimba." Nikashindwa kuendelea.

"Na mama yako?" Bibi akaniuliza.

Nikamwambia mlimzika Machakos nami nikitazama kwenye simu, maana mipaka imefungwa. Nikainuka nikamletee chai yake, akanishika mkono wangu wenye glavu.

"Keti kwanza. Chai baadaye."

Nililia, kaka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Usiku nikalala masaa manane. Nibusie watoto, na unipalilie kaburi la mama.

Dadako, Mwende