Kikombe cha Kahawa Kwenye Friji

Mama,

Friji yako ilikufa siku ya arobaini yako. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeliuliza kabla ya kuuliza kama tulilia.

Nyumba ilijaa watu, sufuria ziko nje, moshi kila mahali. Shangazi Rukia alitaka nyama haraka, na nyama ilikuwa imeshikwa na barafu, basi akachukua kisu akaanza kuchokoa. Nikiwa mlangoni nilisikia ssss, gesi inatoka. Wewe ulitukataza tangu utoto: "Barafu hapana chokoa na kisu. Iache, itaenda yenyewe." Lakini nani angemkataza mtu mzima siku ya msiba? Fundi alikuja, akapapasa tundu lililotobolewa na kisu, akatikisa kichwa. Shangazi alilia kuliko siku ya mazishi. Nilikasirika, Mama, sikufichi, ila nilimpa maji akanywa.

Ikabaki dawa ya Baba. Unajua joto la Arua kabla mvua haijaanza. Nilifunga chupa zake za insulini kwenye nailoni, nikaziweka ndani ya mtungi, mtungi nikauzungushia gunia lililolowa maji. Nesi alisema hiyo ni ya kusukuma siku chache tu. Kila nikirudi sokoni nilitia mkono mtungini kwanza, hata viatu sijavua. Kisha joto likaiharibu dawa, sukari ya Baba ikaanza kupanda. Akawa anasema anaona ukungu, anakunywa maji hatosheki. Nesi akatupa chupa nyingine, lakini nazo mtungini zisingedumu. Niliogopa kumzika kabla udongo wako haujakauka.

Mwanao Juma alitaka friji mpya ya dukani, yenye garantii, tuingoje mpaka alipwe mshahara. Friji ya mtumba, alisema, ni kununua ugonjwa wa mtu mwingine. Nikamwambia, "Wewe mwenyewe umekulia kwenye friji ya mtumba, pasi iliyonyoosha yunifomu yako ilikuwa ya mtumba, kelele ya nini leo?" Tuligombana mpaka Baba akachukua kiti chake akaenda kukaa nje.

Mwishowe Juma akakubali, tukaenda Koboko, kwa muuza friji za mtumba mmoja tuliyeelekezwa. Friji yake ilikuwa nyeupe, inang'aa, ndani ameweka soda imeganda kabisa. Juma alikwisha ita pikap. Mimi nikatia mkono nyuma ya friji, kama ulivyokuwa ukifanya. Ilikuwa inanguruma lakini nyuma, mahali friji nzima inapotoa moto, hakuna joto hata kidogo. Nikakusikia: "Friji iko kama mutu, mbele ya wageni inajikaza." Nikatoa kwenye mkoba kile kikombe chako kidogo cha kahawa, ulichokuwa ukipimia friji, nikatia maji, nikakiweka ndani ya friza, nikakaa kungoja yagande.

Yule bwana hakupenda. "Wewe dada, hapana amini mutu?" Dereva wa pikap akawa anapiga honi. Juma ananiangalia kwa jicho lile lake, na mimi nawaza kama nakosea, tutarudi mikono mitupu na Baba anangoja. Adhuhuri ilipoadhiniwa nikafungua. Maji yalicheza kikombeni. Ile soda iligandishwa kwingine ikaletwa pale kutupokea. Yule bwana akasema stima iko chini leo, umeme hauna nguvu. Nikamwambia asante, tunaenda, na Juma akatangulia kutoka.

Mama mmoja mkaanga mandazi, jirani wa duka lile, alikuwa anatusikiliza. Mama Lemi anaitwa. Alikuwa anarudi kwao Lobule kulima, na huko hakuna stima, kwa hiyo friji yake ya nini? Akatupeleka nyumbani kwake. Ilikuwa mbaya, Mama. Mlango una kutu, umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Lakini tuliikuta imezimwa, haikuandaliwa kwa ajili yetu, na hiyo ilinifurahisha. Tukaiwasha, nikaweka kikombe. Muda si mrefu nyuma kukawa moto. Tulikula mandazi ya Mama Lemi, tukangoja, na maji yakashika barafu. Tukamlipa.

Dereva alitaka kuilaza juu ya magunia ya muhogo. Nikafungua mdomo nimkatalie, lakini Juma alinitangulia: "Hapana laza! Hii inasimama." Alisimama nayo nyuma ya pikap, ameikumbatia, mpaka Arua. Alishuka mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Na bado sikumruhusu kuiwasha. Wewe friji ikitoka safari ulikuwa ukiiacha itulie mpaka asubuhi, mafuta ya mashine yarudi chini, na mimi nikaiacha. Baba alizunguka ile friji kama mtu anayemkagua mkwe.

Asubuhi tukaiwasha. Hakuna aliyekwenda kazini. Nikaweka kikombe, tukakaa sebuleni sote watatu, tunasikiliza ule mngurumo kama tunasikiliza mgonjwa anavyopumua. Stima ikakatika, ikarudi. Juma akasema fungua. Nikasema bado. Mpaka stima ilipokaa muda bila kukatika tena ndipo nikafungua.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimfanyia Baba kila ukinunua friji, akisema hii haifai? Ulikuwa ukimpindulia kikombe hiki juu ya kichwa, ajue kama maji yameganda. Sikuwa nimepanga kufanya hivyo. Ila nilipogeuka na kikombe mkononi, Baba alikuwa amekwisha vua kofia yake. Ameinama, amefumba macho, anangoja.

Nikapindua. Halikudondoka hata tone. Baba akacheka, Mama, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, halafu akalia, na mimi nikalia, na Juma akaenda kuzitoa chupa za dawa kwenye mtungi.

Pumzika, Mama, tumeiweka mahali pale pale pa ile yako. Dawa iko kwenye mlango, rafu ya juu, na nakuahidi mimi ndiye nitakayeilinda. Barafu ikizidi tutazima, tutangoja iende yenyewe. Wageni wakija na haraka zao, kisu nitakikalia.

Mwanao,
Zaitun