Kunguru Mwenye Ufunguo wa Stoo

Shemeji,

Sina salamu za kukupa. Ulitutoa kwenye nyumba ya kaka yako hata udongo wa kaburi lake haujakauka, wala hukutuaga. Watoto wake ni wazima. Mkubwa ameng'oka jino, na chumba tulichopanga kinavuja upande wa kitanda.

Ulisema tutarudi kwa magoti kuomba unga. Njaa ilitushika kweli. Nikaenda kwenye kikundi cha kusoma Biblia, nikiwa na hasira nyingi kuliko imani. Siku hiyo tulisoma jinsi Mungu alivyomlisha Eliya kwa kutumia kunguru. Nikauliza, "Kunguru, mwizi yule, naye anaweza kumpa mtu chakula?" Wote wakacheka, isipokuwa mama mmoja aliyekaa nyuma. Alikuwa mama yako.

Kesho yake nikasikia hodi. "Fungua, mwanangu. Kunguru amefika." Alibeba unga, maharage na mafuta, na tangu hapo haachi kuja. Si ulimnyima mkeo ufunguo wa stoo kwa kuwa humwamini, ukampa mama yako autunze? Basi tumenenepa, shemeji, kwa jasho lako.

Mimi nilitaka kukuficha. Yeye akasema, "Mwandikie. Mwambie ni mimi."

Haya, funga stoo yako ukipenda. Ila kwanza mwendee mama yako, umtazame usoni, umwombe ufunguo.

Ni mimi ninayekula kwako,
Mjane wa kaka yako