Mashine ya Kunyoa ya Brayo

Jumanne

Na mimi mjinga nilizunguka mtaa wetu wote wa Gatwekera nikijigamba kwamba Brayo ameona nina kipaji, ndiyo maana amenipa mashine yake ya kunyoa. Lakini kinyozi gani hugawa mashine yake? Ningepaswa kushtuka siku ileile.

Leo nimeenda kwake, mtaa wa Kongo, nikakuta redio yake amempa jirani, na kile kioo kikubwa cha kinyozi amekipeleka kanisani. Hapo nikaelewa. Hakuwa ananisifu. Alikuwa ananiaga. Beste yangu tangu darasa la nne, na kila nikimpigia simu anajibu, "Niko poa, msee." Muongo.

Nikamuuliza wazi, bila utani wangu, "Brayo, unataka kujiua?"

 Akalia, akasema ndiyo. "Lakini usiambie mtu. Apa."

Mimi huapa ovyo, kila mtu anajua. Leo nilikataa. Nilikaa naye hapohapo kitandani, nikampigia dada yake Achieng, naye akaja mbio. Brayo atalala kwa dada yake, na kesho wanaenda kliniki kuongea na mshauri.

Mlangoni Brayo alinitazama kama vile mimi ni mwizi. "Umeniuza, buda."

Mimi ndiye nimemuuza? Yeye alitaka kuondoka aniachie mashine, nidhani ni zawadi! Hiyo imeniuma kuliko...

Kesho naenda nao, na mashine nitaibeba. Nitamwambia aninyoe. Akitaka kuniharibu nywele kwa hasira, aharibu tu. Kichwa kizuri kama changu kitavumilia.